Kununua kamera ya mtumba ya filamu ya 120 Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia tochi hadi mkanda wa kwanza

"Funga dirisha kwanza, bei tutaongea baadaye." Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja wa Magomeni, mpiga picha mstaafu wa studio, siku nilipokwenda kutazama Yashica Mat aliyokuwa anaiuza. Tulikuwa hata hatujamaliza kusalimiana na mimi nimeshaanza kuisifia. Akavuta pazia, akafungua mgongo wa kamera, akaweka shata (mlango unaoruhusu mwanga kufika kwenye filamu) kwenye B, yaani ibaki wazi muda wote unaobonyeza, akaishikilia wazi, kisha akanipa tochi ya simu. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Usiniamini mimi." Lenzi ya chini, ile inayopiga picha, ilikuwa safi. Ya juu, ya kutazamia, ilikuwa na nyuzi tatu nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ya mchicha. Fangasi. Mzee akapunguza bei kabla sijafungua mdomo, akanieleza kwamba ya juu haigusi picha, lakini nisikubali hata uzi mmoja kwenye ya chini.

Tangu siku hiyo nimenunua kamera kadhaa za aina hii na nimewasindikiza wenzangu kununua zao. Kwa hapa kwetu, jina la kamera ndilo jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni usafi wa lenzi, maana hewa ya pwani haina huruma na vioo. La pili ni kama utaweza kuilisha kamera yenyewe: filamu, betri, spuli (kijiti cha kuviringia mkanda) na fundi. Ukilipita hilo la pili bila kulifikiria, utakuwa umenunua pambo la kabati.

Unanunua nini hasa

Filamu ya 120 ni mkanda wenye upana wa sentimita sita hivi, umeviringwa kwenye spuli pamoja na karatasi ndefu ya kuuzuia mwanga. Kodak waliitoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera zao za Brownie, na mpaka leo inatengenezwa. Kwa hiyo kamera ya miaka ya 1950 na ya miaka ya 1990 zinakula mkanda uleule.

Watu huziita kamera hizi za fomati ya kati, kwa sababu zinakaa kati ya filamu ndogo ya milimita 35 na zile kamera kubwa zinazotumia kipande kimoja kimoja cha filamu. Picha ya filamu ndogo ina milimita 24 kwa 36. Picha ya mraba ya 6×6 ina milimita 56 kwa 56, eneo la zaidi ya mara tatu na nusu. Tofauti utaiona kwenye uso wa bibi aliyekaa karibu na dirisha, au kwenye maandishi ya kanga inayoonekana kwa mbali nyuma yake, ambayo bado yanasomeka.

Hatua ya kwanza: chagua ukubwa wa picha, kisha piga hesabu ya mkanda

Mkanda mmoja wa 120 unatoa picha 15 kwenye kamera nyingi za 6×4.5 (namba hizi ni ukubwa wa picha kwa sentimita, kwa makadirio), picha 12 kwenye 6×6, picha 10 kwenye 6×7 na picha 8 kwenye 6×9. Tuseme mkanda mmoja, pamoja na usafiri, umekufikia Dar kwa shilingi 40,000. Kwenye 6×4.5 kila ukibonyeza ni takriban shilingi 2,670, kwenye 6×6 ni 3,330, kwenye 6×7 ni 4,000, na kwenye 6×9 ni 5,000. Hapo hujasafisha wala hujaskani. Weka bei yako halisi, zidisha kwa mikanda unayodhani utapiga kwa mwezi, kisha jiulize kama utaweza kuendelea hivyo mwaka mzima. Nimeona mtu akinunua kamera ya 6×9 kwa bei ya kutupa, akapiga mikanda miwili tu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni 6×4.5 au 6×6. Ile 6×7 ni nzuri mno kwa picha za watu, lakini ni nzito na inakula. Mraba wa 6×6 una raha moja zaidi: hugeuzi kamera kamwe, iwe unapiga mtu aliyesimama au jahazi lililolala.

Hatua ya pili: fikiria jua letu kabla ya kuchagua shata

Hapa wanunuzi wengi wanakosea, kwa sababu wanafumba macho na kusikiliza watu wa nchi zenye mawingu. Shata ziko za aina mbili. Kuna shata iliyo ndani ya lenzi, visu vidogo vinavyofunguka kutoka katikati. Na kuna shata ya pazia, iliyo ndani ya kamera mbele ya filamu. Tofauti kubwa inajitokeza unapotumia flashi.

Chukua mchana wa Coco Beach, saa saba, jua liko utosini na macho ya mtu yamezama kwenye kivuli. Unataka flashi ijaze kivuli hicho. Kwa filamu ya ISO 100, jua kali linataka tundu la lenzi la f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwa kasi ya 1/125, au, kwa mwanga uleule, f/8 kwa 1/500. Kamera yenye shata ndani ya lenzi, kama Hasselblad 500C/M au Bronica ETRS, inakubali flashi hadi 1/500. Unapiga kwa f/8, flashi ndogo inatosha, na bahari ya nyuma inalainika kidogo. Mamiya 645 ina shata ya pazia, na flashi mwisho wake ni 1/60, kwa hiyo unalazimika kufunga tundu hadi f/22. Pentax 67 mwisho wake ni 1/30, sawa na f/32, na hapo unahitaji flashi kubwa ya studio ukiwa mchangani. Kama kazi yako ni harusi na picha za watu nje mchana, kipengele hiki peke yake kinatosha kuamua. Kama unapiga mandhari, majengo ya zamani ya Posta, au watu kivulini bila flashi, shata ya pazia haitakuzuia lolote.

Hatua ya tatu: ijue mifumo na magonjwa yake

Yashica Mat, Rolleicord na Rolleiflex ni kamera za macho mawili: lenzi ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Hazibadilishi lenzi, isipokuwa ndugu zao wa Mamiya, C220 na C330, ambazo hubadilisha zote mbili kwa pamoja. Ni nyepesi, kimya, na nyingi hazihitaji betri ili zifanye kazi. Yashica Mat 124G ina mita ya mwanga, lakini iliundwa kwa betri ya zebaki isiyotengenezwa tena, kwa hiyo usiilipie mita hiyo hata shilingi. Programu ya simu itakupimia. Ukiniuliza mfumo wa kwanza kwa mtu wa Dar mwenye bajeti ya kawaida, nitakutajia kamera hizi bila kusita.

Mamiya RB67 ilitoka mwaka 1970. Haina betri kabisa, kasha lake la nyuma, linalobeba filamu, linazunguka kutoka wima kwenda ulalo, na fokasi yake ni ya mvukuto (mfuko wa mikunjo unaorefuka na kufupika), kwa hiyo unaweza kusogea karibu sana na uso. Pamoja na lenzi ya 90mm ina uzito wa karibu kilo 2.7. Usiinunue kabla hujaibeba mkononi kwa dakika kumi, kisha ujiwazie nayo ndani ya daladala la Mbagala jioni. Kwa studio, au kwa mwenye stendi na subira, sijaona inayolingana nayo kwa thamani. Mdogo wake, RZ67 ya 1982, inatumia umeme na betri ya volti 6.

Bronica ETRS na ETRSi za 6×4.5, na SQ-A ya 6×6, ni kamera za kazi ambazo hazipewi heshima zinayostahili, na ndiyo maana bei yake ina nafuu. Shata iko ndani ya lenzi lakini inaongozwa na umeme. Betri ikifa, kamera inapiga kwa 1/500 tu, uweke kasi yoyote. Kiwanda kilishaacha kuzitengeneza zamani, basi chukua ile ambayo umeme wake unafanya kazi leo. Usinunue "inahitaji marekebisho kidogo".

Mamiya 645, kuanzia M645 ya 1975 na 1000S, ni ndogo na lenzi zake ni nyingi. Zile za mwanzo hazina kasha linaloweza kutoka katikati ya mkanda. Kuanzia Super ndipo linatoka. Zinategemea betri.

Pentax 6×7 ilianza kuuzwa mwaka 1969 na imefanana na kamera ya kawaida iliyokuzwa mara mbili. Nayo haipigi bila betri. Kioo chake cha ndani, kinachopeleka taswira kwenye kitazamio, kikinyanyuka unakisikia mpaka begani. Mnyororo mdogo unaounganisha kitazamio chenye mita na lenzi hukatika kwa urahisi, kwa hiyo mwulize muuzaji kama mita inaitika unapozungusha tundu, na ukumbuke kufunga kitazamio kwanza, lenzi baadaye. Lenzi za 105mm za mwanzo zina kioo chenye thoriamu ambacho hugeuka njano kwa miaka. Ukiiacha juani siku kadhaa rangi inapungua, na jua tunalo.

Hasselblad V ndiyo kila mtu anaitaka. 500C ilitoka mwaka 1957, na uzalishaji wa familia hiyo ulikoma mwaka 2013. Haihitaji betri na lenzi zake za Zeiss zina sifa zinayostahili. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwa herufi mbili za mwanzo wa namba ya mwili, ukitumia neno VHPICTURES: V ni 1, H ni 2, ukiendelea hivyo hadi S ambayo ni 0. Namba inayoanza na UE ni ya 1979. Kasha lake la filamu, A12, lina ganda na kitu cha ndani, na tarakimu tatu za kitu cha ndani zinapaswa kulingana na tatu za mwisho za ganda. Zisipolingana, watu wamechanganya, na nafasi kati ya picha inaweza kuyumba. Lenzi za zamani za aina ya C zina shata za Compur ambazo vipuri vyake ni adimu. Za CF ni salama zaidi kwa mtu aliye mbali na fundi. Na ugonjwa wake maarufu ni kukwama: mwili na lenzi vyote lazima viwe vimekokiwa (vimevutwa tayari kupiga) kabla ya kuunganishwa. Muuzaji akishindwa kukutolea lenzi na kuirudisha mbele yako, ondoka.

Kiev 88, Kiev 60 na Pentacon Six zinavutia kwa bei. Nimezipiga, na picha zake ninazipenda, lakini nafasi kati ya picha huwa haitabiriki, na bila fundi anayezijua utateseka. Zisiwe kamera yako ya kwanza.

Hatua ya nne: kagua lenzi gizani

Fangasi hustawi penye unyevu, giza na hewa isiyotembea. Dar tuna vyote vitatu: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya mwisho wa mwaka, na mabegi ya ngozi ambayo kamera imelala ndani yake miaka ishirini juu ya kabati. Ndiyo maana ukaguzi huu usiufanye kibarazani kwenye mwanga. Omba chumba. Hata choo cha mgahawa kinatosha, nimeshawahi.

Fungua tundu hadi mwisho, yaani namba ndogo kabisa, na shikilia shata wazi kwa B, au kwa T inayobaki wazi yenyewe. Weka tochi upande mmoja, jicho upande wa pili, lakini usielekeze mwanga moja kwa moja. Uulaze kidogo pembeni, kisha zungusha lenzi polepole. Vumbi ni nukta, na kila lenzi ya zamani inayo, usiogope. Fangasi ni nyuzi zenye matawi, mara nyingi zikianzia ukingoni. Utandu ni weupe mwembamba uliosambaa kama pumzi juu ya kioo. Tochi ikiupiga, lenzi nzima inawaka maziwa. Rangi za upinde wa mvua au mapovu karibu na ukingo maana yake gundi inayounganisha vioo viwili imeachia, na hilo halitengenezeki kwa bei ya akili. Ukimaliza, geuza lenzi urudie kutoka upande wa nyuma. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma unaharibu picha kuliko mkwaruzo wa mbele.

Fangasi changa zinaweza kusafishwa na fundi, lakini zikikaa sana zinakula rangi ya juu ya kioo na alama inabaki milele. Mimi sinunui lenzi ya kupigia yenye fangasi, hata ikiwa nusu bei, na nikipewa bure siihifadhi pamoja na lenzi nzima.

Kisha tazama visu vya tundu. Fungua na funga mara kumi. Viwe vikavu na viitike mara moja. Joto letu huyeyusha grisi ya zamani ikatiririka hadi kwenye visu. Ukiona vinang'aa mafuta, shata nayo itakuwa inachelewa.

Hatua ya tano: pima shata kwa simu

Masikio yanapima kasi ndefu vizuri: sekunde moja iwe sekunde moja, na isikilizwe mara tano, kwa sababu shata iliyolala muda mrefu hukwama mara ya kwanza na kujifanya nzima mara ya pili. Kwa kasi za katikati tumia video ya polepole. Simu nyingi zinarekodi picha 240 kwa sekunde. Weka taa nyuma ya lenzi, rekodi huku ukipiga, kisha hesabu picha ambazo mwanga unaonekana. Kwa 1/15 ziwe 16, kwa 1/30 ziwe 8, kwa 1/60 ziwe 4. Ukipata 12 pale ulipotarajia 8, shata inachoka na mkanda wako utapata mwanga kupita kiasi. Filamu ya negativu ya rangi inasamehe kosa hilo. Filamu ya slaidi haisamehe. Kasi za 1/250 na 1/500 video haiwezi kuzipima kwa haki, tutazipima kwa mkanda.

Hatua ya sita: kasha la filamu, sponji na mvukuto

Uliza kwanza kama kasha ni la 120 au la 220. Filamu ya 220 ilikuwa na urefu mara mbili na haikuwa na karatasi nyuma ya filamu, na kwa leo kuipata ni shida. Makasha yake huuzwa rahisi, na mgeni hufurahi bila kujua alichonunua. Kwa Hasselblad, A12 ndiyo yako, A24 ni ya 220.

Sponji za kuzuia mwanga huoza kwenye joto zikawa kama lami. Ziguse kwa kijiti. Zikinata au kumeguka, zitabadilishwa, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja, lakini iingize kwenye bei. Kwa RB67, ingia gizani, weka tochi ndani ya mvukuto na utafute nyota. Kila nyota ni tundu, na pembe za mikunjo ndizo hutoboka kwanza.

Nafasi kati ya picha napima hivi, kwenye kamera ambazo lenzi inatoka. Ninabeba mkanda mmoja uliokwisha muda, naupakia, natoa lenzi, nachomoa kibati cha kuzuia mwanga, nashikilia kamera wazi na kuchora ukingo wa picha juu ya filamu kwa kalamu ya wino mzito, kwa mkono mwepesi. Nasogeza, nachora tena, mpaka mwisho. Mkanda ukitoka, miraba iwe imepangana kwa nafasi zinazofanana. Ikipandana au ikiachana ovyo, meno ya kasha yamekwisha. Muuzaji akiona unafanya hivyo anajua amekutana na mtu anayejua anachotafuta, na mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.

Na kabla hujaondoka, dai spuli tupu. Mkanda wa 120 unahama kutoka spuli moja kwenda nyingine, kwa hiyo kamera isiyo na spuli tupu haipigi hata picha moja. Nimemwona kijana aliyeshinda wiki mbili na kamera nzima kabisa kwa kukosa kipande hicho cha plastiki.

Hatua ya saba: wapi pa kununua, na kulipa vipi

Hapa mjini, njia bora bado ni ya mdomo: wazee waliokuwa na studio, watoto waliorithi vyombo ambavyo hawavitumii, na wapiga picha wenzako. Nenda kwa adabu, shikamoo kwanza, na usimdanganye mjane kuhusu thamani ya kamera ya marehemu mumewe. Ukiipenda, mwambie bei ya haki. Mwandikiane karatasi ya mauziano yenye namba za mwili, lenzi na kasha, na ulipe kwa simu baada ya kukagua, siyo kabla.

Ukinunua mtandaoni, wauzaji wengi wako Japani, na lugha yao ina viwango vyake. "Mint" maana yake kwa nje inang'aa. Haisemi lolote la shata. "Exc+5" ni kamera ya kawaida iliyotumika. "Untested" ichukue kuwa mbovu na ulipe bei ya mbovu. Shuka chini ya tangazo usome sehemu ya vioo, ndipo wanapotaja fangasi na utandu kwa maneno madogo. Omba picha ya lenzi ikiwa wazi na tochi nyuma yake, picha ya sponji, na video ya shata kwa sekunde moja. Mimi niliwahi kupuuza hilo kwa sababu picha za nje zilikuwa nzuri; lenzi ikafika na utandu mzito, na gharama ya kuirudisha ilikuwa karibu nusu ya bei yake. Nikabaki nayo.

Ongeza forodha kwenye hesabu kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Ushuru unapigwa juu ya jumla ya bei, bima na usafirishaji, halafu kuna VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Nenda TRA au kwa wakala wa forodha ukiwa na namba ya kundi la kamera za picha, 9006, akukokotolee mapema. Hifadhi ankara, na bei iandikwe ya kweli. Mzigo ukiletwa na ndugu anayesafiri, mwombe aubebe mkononi ndani ya ndege. Filamu ndiyo kabisa: mizigo ya chini hupita kwenye mashine kali zinazoiunguza, na mashine mpya za mabegi ya mkononi nazo zinaweza kuiathiri, kwa hiyo aombe ikaguliwe kwa mkono.

Hatua ya nane: andaa chakula na malazi yake

Betri ya volti 6 inayotumika kwenye kamera nyingi za umeme inaweza kuigizwa na vidonge vinne vya LR44 vilivyopangwa juu kwa juu ndani ya kibomba cha karatasi. Vidonge hivyo mafundi saa na wauza kikokotoo wa Kariakoo wanavyo.

Filamu tunaagiza kwa kundi, watu watano sita, ili usafiri ugawanyike. HP5 Plus ya Ilford kwa nyeusi na nyeupe, Kodak Gold 200 au Portra 400 kwa rangi. Iweke kwenye friji, na itoe saa chache kabla ya kuifungua ili isitokwe jasho. Kusafisha nyumbani kunawezekana, ila maji yetu ya bomba yana joto kuliko nyuzi 20 ambazo dawa nyingi za nyeusi na nyeupe zinataka, kwa hiyo weka beseni la maji ya barafu. Dawa za rangi zinataka karibu nyuzi 38, na hapo joto letu linatusaidia. Kausha vizuri reli za tangi la kusafishia, zile unazoviringia mkanda. Mkanda mpana kwenye unyevu na mikono yenye jasho hukwama nusu njia ukiwa gizani.

Kamera yenyewe isirudi kwenye begi la ngozi. Nunua kasha la plastiki lenye mpira wa kuziba, weka silika (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa oveni ya moto mdogo uirudishe. Mchele usiweke, unaacha unga. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lake kama nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo vioo vitafunikwa na umande.

Hatua ya tisa: mkanda wa kwanza ni wa kupima

Kama ulikubaliana na muuzaji siku chache za kurudisha, zitumie hivi. Weka filamu ya ISO 100, beba stendi na daftari, na uende pale Kivukoni asubuhi iliyo wazi. Hesabu hii ni ya picha 12.

Picha mbili za kwanza, tundu wazi, fokasi ya mbali kabisa, ukilenga majengo ya Kigamboni ng'ambo ya maji. Mbili zinazofuata, tundu wazi, gazeti lililolazwa mshazari kwenye benchi, fokasi kwenye kichwa cha habari. Mstari uliofokasi ndio uwe mkali kwenye negativu. Ukiwa mkali mstari wa juu au wa chini yake, kioo cha kutazamia kimehama. Picha ya tano hadi ya nane, ukuta uleule wenye jua: 1/500 kwa f/8, 1/250 kwa f/11, 1/125 kwa f/16, 1/60 kwa f/22. Negativu zote nne zinapaswa kuwa na weusi sawa, na isiyofanana na wenzake inakuonyesha kasi iliyougua. Ya tisa na ya kumi, jua likiwa nje kidogo ya ukingo wa picha, ili utandu ambao tochi haikuuona ujitokeze. Ya kumi na moja, flashi kwa kasi ya juu inayoruhusiwa.

Ya kumi na mbili, usipige mara moja. Rudisha kibati, au funika lenzi kama kamera haina kibati, uiache juani dakika tano ukiigeuza kila upande. Kisha chomoa kibati lenzi ikiwa imefunikwa, bonyeza, viringa mkanda hadi mwisho na uupeleke kusafishwa. Negativu ya picha hiyo ya mwisho ikitoka wazi, bila mchirizi mweusi hata mmoja, kasha linaziba, na muuzaji unaweza kumpigia simu kumwambia kamera hairudi.